Pora wa bantamu ana rangi gani? Soma bawa na shingo kabla ya kumpa jina

Pora, yaani jogoo mchanga, wa bantamu (kuku wa umbo dogo) mwenye wiki 8 bado hajafikia rangi yake. Manyoya aliyo nayo ni ya muda: mafupi, ncha zake za mviringo, hudhurungi imechanganyika na nyeusi, na ukimweka karibu na dada zake tofauti ni ndogo. Mtu akimtazama wakati huo na kusema "huyu ni wa fedha" au "huyu ni mwekundu wa kidari cheusi", anakisia tu. Kisio hilo lina gharama. Pora anauzwa kwa jina lisilo lake, mnunuzi anampandishia mitetea aliowachagua kwa uangalifu, na mwaka unaofuata banda limejaa vifaranga wa rangi ambazo hakuzitaka.

Sisi tunaofuga kuku hawa wadogo tumejifunza kusubiri, na zaidi ya kusubiri, tumejifunza mahali pa kutazama. Jogoo ni mgumu kusomeka kuliko jike. Kwa jike, jeni za msingi, yaani zile zinazopanga weusi na wekundu vikae wapi mwilini, zinaonekana waziwazi kidarini na mgongoni. Kwa jogoo, misingi mitatu tofauti inaweza kuishia kwenye sura ileile: shingo ya chungwa, mabega mekundu, kidari cheusi, mkia mweusi unaong'aa kijani. Mapora wawili wasiotofautiana kwa macho wanaweza kuzaa vifaranga wasiohusiana kabisa kwa rangi.

Tuanze na ratiba ya manyoya, maana makosa mengi hutokana na kutoijua. Manyoya ya mabawa huanza kuchomoza ndani ya wiki ya kwanza. Kati ya wiki ya 4 na ya 6 malaika ya kifaranga, yale manyoya laini anayoanguliwa nayo, yamekwisha karibu yote na mwili umefunikwa na manyoya ya kwanza. Hayo nayo hupukutika na kupisha mengine, sehemu kwa sehemu. Kuanzia wiki ya 10 hadi ya 14 hivi ndipo manyoya ya kiume yanapotokeza: membamba, marefu, yenye ncha kali na mng'ao, kwanza shingoni na kiunoni karibu na mkia. Rangi ya mabega hufuata. Manyoya marefu yaliyopinda ya mkiani huweza kuchukua miezi 6 hadi 8. Jogoo wa rangi iliyokamilika kabisa ni yule aliyekwisha kubadili manyoya akiwa mkubwa, yaani baada ya kutimiza mwaka.

Kwa hiyo pora mmoja huandikwa mara tatu: siku ya kuanguliwa, kati ya wiki ya 6 na ya 8, na kati ya wiki ya 14 na ya 16. Mvishe pete ya plastiki mguuni, andika namba yake kwenye daftari, na ubadilishe pete kadiri mguu unavyonenepa. Pete iliyosahaulika hukata ngozi ya muundi, na kwa bantamu hilo hutokea kabla hujalitarajia.

Rekodi ya siku ya kwanza ndiyo watu wengi hawana, na ndiyo inayokosekana kwa uchungu baadaye. Malaika ya kifaranga yanasema wazi jambo ambalo jogoo mzima atalificha. Kifaranga wa msingi wa asili, ule wa kuku wa porini, ana michirizi: mstari mpana wa kahawia iliyokolea kutoka kichwani hadi mkiani, mistari miwili miembamba pembeni yake, na mstari unaopita kwenye jicho. Kifaranga wa msingi wa ngano ni wa rangi ya krimu, hana michirizi. Kifaranga mweusi mwenye tumbo la njano hafifu au jeupe na ncha za mabawa zilizopauka ana msingi mweusi. Piga picha ya mgongo, tumbo na uso siku hiyohiyo. Baada ya wiki mbili habari hiyo imepotea.

Ikiwa pora ameletwa akiwa mkubwa na hakuna picha, nenda kwenye bawa. Nikiruhusiwa kutazama sehemu moja tu ya pora, nitaomba hiyo.

Mkamate jioni akiwa ameshalala, au asubuhi kabla ya kufungua banda. Mlaze kidari juu ya kiganja, miguu yake kati ya vidole, kichwa kikielekea kwako. Kwa mkono wa pili shika bawa kwenye kiungo kilicho karibu na mwili, ulifungue polepole kuelekea nje. Usivute manyoya marefu ya nchani. Bantamu ni mwepesi na kiungo chake huteguka. Manyoya ambayo bado yana damu ndani ya shina usiyaguse kabisa, yakivunjika yanavuja damu nyingi kwa ndege mdogo kiasi hicho.

Tazama manyoya marefu ya sehemu ya ndani ya bawa, yale yanayobaki kuonekana bawa likifungwa. Kila unyoya una upande wa nje na upande wa ndani. Kwa pora wa msingi wa asili, wa ngano au wa kahawia, upande wa nje una rangi ya wazi hata kama upande wa ndani ni mweusi. Bawa likifungwa, sehemu hizo za nje hupangana na kuunda pembetatu. Pembetatu ikiwa ya hudhurungi nyekundu, kuku ni wa dhahabu. Ikiwa nyeupe, ana fedha. Ikiwa haipo, bawa lote ni jeusi mpaka chini, huyo si mwekundu wa kidari cheusi hata kama shingo yake inawaka kama moto. Msingi wake ni mmojawapo wa misingi ya giza. Majogoo wa aina hiyo wana shingo ya dhahabu au ya fedha, kidari cheusi ambacho manyoya yake ya juu mara nyingi yana ukingo mwembamba wa rangi ileile ya shingo, na mara nyingi uso na upanga vina weusi au uzambarau unaowatia watu hofu ya ugonjwa bila sababu.

Tahadhari moja hapo: manyoya ya bawa ya wiki ya 5 au ya 6 yana vumbivumbi la kahawia kwa kuku wengi, na vumbi hilo si pembetatu. Subiri yabadilike. Unyoya mpya unajulikana kwa upana wake na kwa rangi iliyokolea kuliko jirani yake.

Kidari kinakuja mapema kuliko shingo, ndiyo maana wiki ya 6 hadi ya 8 ni muhimu. Kwa msingi wa asili, pora huanza kutoa manyoya meusi kidarini wakati mtetea wa umri huohuo anatoa ya rangi ya salmoni, waridi iliyochanganyika na chungwa kama nyama ya samaki huyo. Kwa msingi wa ngano, pora hutoa weusi kidarini na mabawani huku dada yake akibaki krimu. Hapo hapo unakuwa umejua mawili kwa mara moja: jinsia, na kwamba weusi wa kidari upo. Pora ambaye kidari chake kinabaki cha hudhurungi au cheupe hadi wiki ya 14 ana jeni inayozuia weusi na kuuacha shingoni na mkiani tu, au ana nyeupe tawala, ambayo nitaieleza mbele.

Sasa fedha na dhahabu, kwa kuwa hapa ndipo maswali mengi yanapolala. Swali lenyewe huja hivi: pora alikuwa na shingo nyeupe nzuri wiki ya 11, kila mtu akamwita wa fedha, lakini wiki ya 16 mabega yametoka mekundu na shingo imeingia unjano wa majani makavu. Ameharibika? La. Jeni ya fedha na jeni ya dhahabu hukaa mahali pamoja kwenye kromosomu ya jinsia. Kuku jike ana nafasi moja tu ya jeni hiyo, basi yeye ni wa fedha au wa dhahabu, hakuna katikati. Jogoo ana nafasi mbili. Akipokea fedha kwa mzazi mmoja na dhahabu kwa mwingine, fedha hutawala lakini haifuti kila kitu: shingo na kiuno huwa krimu au njano hafifu, na mabega hutoa nyekundu au dhahabu iliyokolea. Ukipandisha jogoo wa dhahabu kwa jike wa fedha, mapora wote watakuwa wa namna hiyo na mitetea wote watakuwa wa dhahabu. Mfugaji aliyenunua mapora hao kama fedha halisi amenunua nusu ya alichodhani.

Fedha halisi, yenye nafasi zote mbili, huonekana kwenye mizizi ya unyoya wa shingo na si kwenye ncha peke yake. Puliza manyoya ya shingo yafunguke. Unjano ukiwa nchani tu na chini ni nyeupe safi, huenda jua limemuunguza au mahindi ya njano yamempa rangi. Unjano ukishuka kando ya unyoya mpaka karibu na malaika, na mabega yana wekundu, mhesabu kama mwenye fedha upande mmoja mpaka vifaranga vithibitishe vinginevyo. Wekundu kidogo wa mabega peke yake hautoshi kuhukumu, maana upo wekundu mwingine usiotegemea jeni hii unaoweza kupenya kwa jogoo wa fedha.

Kupuliza huko kunasaidia pia kutenganisha msingi wa asili na wa ngano kwa mapora wekundu. Angalia malaika ya chini kabisa, karibu na ngozi, shingoni na kiunoni. Yakiwa ya kijivu, elekea kwenye msingi wa asili. Yakiwa meupe au krimu, elekea kwenye ngano. Ishara hii peke yake si ya kuapia, hasa kwa kuku waliochanganyika. Iunganishe na sura ya dada zake. Dada wenye kidari cha salmoni na mgongo wa kahawia wenye vumbi jeusi ni wa asili. Dada wa rangi ya krimu hadi ya ngano iliyoiva, bila vumbi mgongoni, ni wa ngano. Ndiyo sababu hatushauri kuuza mitetea wote wa kundi kabla rangi ya mapora haijajulikana.

Baada ya msingi na fedha au dhahabu kuna jeni zinazopunguza rangi. Manyoya ya kuku yana rangi mbili tu za asili, eumelanini inayotoa weusi na feomelanini inayotoa wekundu na dhahabu, na kila jeni ya kupunguza ina chaguo lake kati ya hizo mbili. Jeni ya buluu hushambulia weusi tu. Pora mwekundu mwenye kidari cha kijivu-buluu badala ya cheusi ana nafasi moja ya jeni hiyo. Akiwa nazo mbili, kidari huwa cheupe chafu chenye mabaka ya buluu. Ukipandisha buluu kwa buluu, tarajia takriban robo weusi, nusu buluu, robo weupe wenye mabaka. Lavenda ni jambo jingine. Hiyo hupunguza rangi zote mbili, weusi unakuwa kijivu kilichopauka na dhahabu inakuwa rangi ya nyasi kavu, na lazima kuku aipate kwa wazazi wote wawili. Kwa pora wa rangi moja kuna njia rahisi ya kutofautisha: jogoo wa buluu ana shingo na kiuno vilivyokolea kuliko kidari, na manyoya ya kidari mara nyingi yana ukingo wa giza, jogoo wa lavenda ana kivuli kimoja tangu shingo hadi mkia.

Nyeupe tawala nayo hufuta weusi na kuacha wekundu. Mwekundu wa kidari cheusi akipewa jeni hiyo anatoka na kidari cheupe, mkia mweupe, shingo ya chungwa na mabega mekundu. Ni rangi nzuri sana na inapendwa kwa bantamu wa jamii ya kuku wa kupigana wa Kiingereza. Vidoadoa vyeusi vilivyotawanyika kwenye weupe humaanisha kwa kawaida kwamba jeni iko upande mmoja tu. Jogoo mweupe kabisa hafai kukisiwa: anaweza kuwa wa fedha mwenye nyeupe tawala, au mwenye nyeupe ile fiche inayofunika kila kitu, na ndani yake mna rangi yoyote.

Sokoni kuku wa mistari na kuku wa madoa wote wawili huitwa wa kanga, lakini ukishika unyoya mmoja utaona tofauti mara moja. Mistari hukata unyoya kwa upana, nyeupe na nyeusi zikipokezana. Doa hukaa nchani. Jeni ya mistari iko kwenye kromosomu ya jinsia kama ile ya fedha, kwa hiyo pora anaweza kuwa nayo mara mbili na mtetea mara moja tu. Pora mwenye mistari mipana myeupe, aliyepauka kuliko dada zake, amebeba zote mbili. Aliye na giza sawa na wao amebeba moja tu, na nusu ya watoto wake hawatakuwa na mistari akipandishwa kwa majike wasio nayo. Jeni hiyo husafisha na miguu, weusi wa magamba unapungua. Kwa kifaranga mweusi utaona baka la njano au jeupe kichwani. Madoa ya nchani yana tabia ya kuongezeka kila manyoya yanapobadilika, hivyo pora wa rangi ya maua elfu (hudhurungi yenye madoa meusi na meupe nchani) mwenye weupe kidogo wiki ya 16 asichinjwe kwa haraka. Mwaka wa pili atakuwa na mwingi.

Sebright anavunja kanuni nusu ya hizi. Bantamu huyu, aliyetengenezwa Uingereza na Sir John Sebright mwanzoni mwa karne ya 19, ana majogoo wenye manyoya ya kike: shingo na kiuno havitoi ncha kali hata wakizeeka, na mkia hauna yale manyoya marefu yaliyopinda. Ukisubiri shingo ya kiume kwa pora wa Sebright utasubiri bure. Soma ukingo mweusi unaozunguka kila unyoya wa dhahabu au wa fedha, nao unapaswa kuwa mwembamba na sawa pande zote. Jinsia utaijua kwa upanga na kuwika. Serama wa Malaysia nao hawapimwi kwa rangi huko kwao, na jozi moja hutoa vifaranga wa kila namna. Kumtafutia pora wa Serama jina la rangi ni kazi isiyo na faida kubwa.

Majina yote haya yametokana na viwango vya maonyesho vilivyoandikwa Uingereza tangu 1865 na Marekani tangu 1874, kwa ajili ya kuku waliozalishwa kwa rangi moja kwa vizazi. Bantamu aliyechanganyika na kuku wa kienyeji hana wajibu wa kuingia ndani ya jina lolote kati ya hayo. Kwake andika unachokiona: "bawa lina pembetatu nyeupe, mabega mekundu, kidari cheusi chenye vidoa vyeupe." Maelezo hayo yana thamani kwa mzalishaji kuliko jina zuri lisilo na ukweli.

Picha nyingi zinazotumwa kuuliza rangi hazijibiki. Turubai la buluu juu ya banda hutia ubuluu kwenye manyoya meusi, na pora mweusi anageuka wa buluu. Jua la saa sita linafuta fedha na dhahabu, zote zinaonekana nyeupe. Taa ya simu inatoa mng'ao wa kijani na kuficha rangi ya chini. Mpeleke kivulini, asubuhi au alasiri, weka karatasi nyeupe ndani ya picha ili macho yawe na kipimo, na upige picha nne: ubavu mzima, bawa lililofunguliwa, manyoya ya shingo yaliyopulizwa, na kidari kutoka mbele. Taja umri kwa wiki na rangi ya wazazi kama inajulikana.

Kuna rangi zinazotoka nje ya jeni pia. Unyoya uliong'olewa au kuumizwa mara nyingi huota ukiwa mweupe, hasa shingoni kwa mapora wanaopigana, na weupe huo huisha kwenye mabadiliko yajayo. Weusi unaoungua juani unakuwa kahawia kama kutu nchani. Lishe nayo inahusika: sehemu takriban 9 kati ya 10 za unyoya mkavu ni protini, na pora anayelishwa pumba na mahindi matupu wakati wa kubadili manyoya hutoa manyoya dhaifu, yenye mistari ya njaa na rangi iliyofifia. Chakula chenye protini ya asilimia 18 hivi, dagaa au mashudu yakiwemo, kianze wiki kadhaa kabla ya rangi kuhukumiwa.

Palipobaki shaka, vifaranga ndio wanaomaliza ubishi. Pora anayeshukiwa kuwa na fedha upande mmoja mpandishie majike wa dhahabu. Watenge majike hao na jogoo mwingine kwa wiki 3 hadi 4 kwanza, kwa sababu jike huhifadhi mbegu mwilini na mayai ya mwanzo yanaweza kuwa ya jogoo wa zamani. Angua angalau vifaranga 8. Bantamu wengi hutoboa siku ya 19 au ya 20. Akiwa na fedha zote mbili, vifaranga wote watakuwa wa fedha. Akiwa nayo moja, takriban nusu watakuwa wa dhahabu, mapora na mitetea kwa pamoja, na uwezekano wa kukosa hata mmoja wa dhahabu kati ya 8 ni 1 kati ya 256. Malaika yakikuchanganya, ngoja wiki ya 2 au ya 3 manyoya ya mabawa yajionyeshe. Kifaranga mmoja wa dhahabu akitokea, futa neno "fedha halisi" kwenye ukurasa wa baba yake na uandike "fedha upande mmoja".